Kiraka cha Nguo Iliyokufa

Mama yangu hatupi nguo iliyokufa. Ndivyo anavyoiita suruali ya mchimbaji iliyokwisha kuliwa na mawe. Huitia kwenye gunia nyuma ya mlango wa nyumba yetu ya Kapata, na vijana wa machimbo ya Mutoshi wakimletea suruali zilizopasuka magotini, huingiza mkono guniani, akachomoa kipande na kukipima juu ya tundu. Kitambaa kizito hakiweki juu ya chepesi. "Kiraka kama hakifanane na nguo, nguo inakikatala," husema, kisha cherehani yake ya kukanyaga inaanza kulalama.

Kitu kingine asichotupa ni dawa. Juu ya kabati kulikuwa na kopo la biskuti lenye mabaki ya dawa za mtaa mzima. Mtu akipata nafuu siku ya pili, huleta kilichobaki. Mwingine akikohoa, huja kuchukua vidonge viwili vitatu. Kwetu kumnyima jirani dawa ni aibu kuliko kumnyima chumvi. Mimi ninafanya kazi katika maabara ya hospitali, na kopo lile nililichukia kama mke mwenza.

Msimu wa vumbi uliopita alikohoa mama mwenyewe. Alimeza kapsuli mbili asubuhi, mbili jioni, na tatu zilizobaki akampa jirani wa nyumba ya pili, kwa kuwa naye alikuwa anakohoa. Siku ya nne nilimkuta ameketi mbele ya cherehani, hawezi kukanyaga. Alipumua juu juu, na makohozi yake yalikuwa na rangi ya kutu. Niliogopa. Sisi wenye hasira za karibu tukiogopa tunafoka, basi nikafoka.

"Mama, unataka kufa juu ya kopo?"

"Usinipigie kelele, mama," aliniambia mimi binti yake. "Dawa nilimeza. Dawa yenyewe njo inakatala."

Alilazwa, akachomwa sindano za dawa ya ukoo uleule wa kapsuli zile, na homa haikushuka. Mimi mwenyewe nilipanda makohozi yake kwenye sahani ya maabara yenye damu ya kondoo, ili vijidudu viote, nikaweka juu yake viduara vya karatasi vilivyotiwa dawa mbalimbali. Dawa ikifaa, vijidudu hufa pembeni yake na panabaki duara safi. Kesho yake, kwenye dawa ya mama, vijidudu vilikuwa vimeota mpaka ukingoni mwa karatasi. Duara safi lilikuwa kwenye dawa nyingine moja tu. Nilikimbia nayo sahani kwa daktari kama mwizi aliyeonekana, naye akabadilisha sindano. Kwa siku mbili sikujua kama bado nina mama. Siku ya tatu aliomba uji.

Alipoweza kuketi, aliniuliza ugonjwa ulijifunzia wapi kukataa dawa. Nilimweleza kwamba vijidudu hivi vya mapafu vina ndugu zao wapole, wanaoishi kinywani na kooni bila kumdhuru mtu. Tukimeza dawa, hata wale wapole wanapigwa. Wengine huponea kwa sababu wamebadilika kidogo. Wakifa baadaye, miili yao hupasuka, na ule uzi wenye maagizo ya kuujenga mwili hukatika vipande. Kijidudu kibaya huokota kipande, hutafuta mahali panapofanana kwenye uzi wake, huondoa cha kwake na kushona cha mwenzake. Pale dawa ilipokuwa ikishika, haishiki tena.

Mama alipapasa mshono wa shuka.

"Kwa hiyo banachomoa kipande ku nguo yenye ilikufa," alisema. "Na kama haifanane, inakatala."

Mimi nilihangaika na somo lile miaka, yeye akalimaliza akiwa kitandani.

"Ni vile, mama."

"Na mi njo nilibapatia gunia, na ile kopo yangu?"

Nilitamani kusema hapana. Sahani haionyeshi kiraka kilishonwa kooni mwa nani, na huenda kilishonwa mbali kabisa na Kapata. Lakini dawa ya nusunusu huua vijidudu visivyo na kiraka, na kuviachia nafasi vile vyenye kiraka. Nikamwambia hivyo. Nikamwambia pia nililolificha: kapsuli za kwanza katika kopo lile zilikuwa zangu, nilizoziacha katikati nilipokuwa mwanafunzi, kwa sababu nilijiona nimepona. Nililia mbele yake, msomi mzima. Alinifuta uso kwa ncha ya kitenge chake.

Alirudi nyumbani na dawa mpya ya kumeza siku tano. Siku ya pili jirani yule alikuja kumpa pole, amebeba sahani ya viazi vitamu. Alikohoa kabla ya hodi, na alipoketi alishika ubavu.

"Dada, hata mi kifua kinaniuma sana. Unisaidie na mbili tu."

Nilifungua mdomo, lakini mama alinitangulia.

"Hapana."

Sikuwahi kusikia neno hilo likitoka kwake kwenda kwa jirani. Jirani aliweka sahani mezani taratibu, macho yamemjaa machozi. Na mimi, nasema kwa aibu, nilifurahi. Nilijiona nimeshinda vita vya kopo.

Mama akashika ukuta, akainuka, akajifunga kitenge.

"Dawa hapana, dada. Lakini twende ku lupitalo. Mi nitakukamata mukono."

"Mama, we mwenyewe hauna nguvu bado!"

Alinitazama kama anavyotazama suruali kabla ya kuchagua kiraka.

"Na we, si uko na nguvu? Basi utukamate bote babili."

Nikawashika, mmoja kila upande, mpaka tulipofika hospitalini.