Vuta, Kisha Uachie

Nyundo ni seremala, na jina hilo hakupewa kwa ajili ya kazi yake. Alipewa na wenzake wa bendi, kwa vile anavyozipiga dramu utadhani zimemtukania mama. Miaka nenda miaka rudi wanapiga roki yao iliyokolea bluzi mle mle karakanani, jioni, wakishafagia maranda. Hata jina la bendi waliliokota hapo hapo sakafuni: Vumbi la Mbao.

Ukutani umetundikwa msumeno mkubwa wa watu wawili. Nyundo aliushika ujana wake wote na marehemu baba yake, mzee upande huu, yeye upande ule. Jikoni, nyuma ya karakana, mama yake hakuwa na haja ya saa. Msumeno ukinyamaza, anabandika birika. "Wamemaliza," husema, "watataka chai."

Basi, hatimaye wakaingia studio kurekodi albamu yao ya kwanza. Nyimbo za fujo zilikwenda kama maji. Uliowatoa jasho ni ule wa polepole, aliotunga Nyundo mwenyewe kwa ajili ya baba yake. Kila wakianza, ubeti wa pili haujafika, Nyundo keshatimua mbio na wenzake wanamfukuzia nyuma. Wakarudia, wakarudia tena, wapi!

Fundi wa studio, mtu mpole, akavua spika za masikioni. "Kaka, usinielewe vibaya. Huu mmoja tuiachie mashine ipige dramu."

Nyundo akasema sawa. Sawa gani! Roho ilimuuma vibaya. Wimbo wa mzazi wako upigwe na mashine, na wewe umekaa hapo na vijiti mkononi?

Mpiga besi ni shemeji yake, kaka wa mkewe, na siku hizi ndiye anayeshika upande wa mzee kwenye msumeno. Akasogeza kiti mpaka karibu na dramu.

"Shemeji, unaukimbia wimbo wa mzee."

"Nikiupiga polepole namwona."

"Si umwone! Ulinifundisha nini siku ya kwanza na ule msumeno? Nilikuwa nasukuma, ukanigombeza mpaka nikataka kurudi kwetu."

Nyundo akacheka bila kupenda. "Msumeno hausukumwi. Unavuta, kisha unamwachia mwenzako naye avute."

"Haya. Vuta, niachie."

Nyundo akapiga, akaachia. Besi ikavuta, ikamrudishia. Kweli alimwona baba yake, na machozi yalimtoka, lakini mkono haukukimbia. Wimbo ulipoisha, fundi alisema tu kwamba mashine ikapumzike.

Albamu ilipotoka, mtangazaji mmoja wa redio alisema vijana hawa bado hawajaiva, ila wana mwanzo wa kutia moyo. Vijana! Nyundo, na mvi zake za kidevuni, hilo ndilo lililomfurahisha zaidi.

Akampelekea mama yake, ambaye siku zote aliuita muziki wao vita vya masufuria. Walikuwa wao wawili tu jikoni. Nyundo akaziruka zile za fujo, akaweka ule wa polepole. Mama akasikiliza hadi mwisho, macho yako dirishani, upande wa karakana. Wimbo ukanyamaza.

Mama akasimama, akabandika birika.

"Wamemaliza," alisema, akatoa vikombe vitatu.