Sahani ya Juma na Wakubwa wa Nyota

Harufu ya rangi inayochemka sufuriani na ukindu uliolowa ndiyo Oli ya utoto wangu, mtaa wetu mjini Arua, Uganda. Nyanya yetu, tuliyemwita Haboba kama Wanubi wanavyowaita nyanya zao, alikuwa msusi wa tabaka, zile kawa za rangi nyingi za kufunikia chakula. Msimu wa mvua ninaousimulia, ukumbi wetu ulijaa wanawake waliokuja kusuka naye kila alasiri. Mvua ilipiga mabati, mikono ikaenda, na kwa kawaida midomo nayo haikukosa kazi. Mwaka ule midomo ilinyamaza, kwa sababu kaka yangu Juma alikuwa amerudi likizo na kitabu.

Kilikuwa riwaya nene ya Kiingereza, jalada limeng'oka, aliyoipata kwenye lundo la vitabu vya mitumba sokoni Arua. Ilihusu chombo kinachosafiri kati ya nyota, watu waliomo, na viumbe wenye uwezo wa kuzima jua kwa kutaka tu. Juma alikuwa akiisoma sentensi kimoyomoyo, kisha anaitoa kwa Kiswahili cha nyumbani, kile tulichorithi kambini kwa babu aliyekuwa askari. Hakuna kati yetu aliyewahi kuona chombo cha angani, ila malori yanayokwenda Sudan tuliyajua wote, basi chombo kikawa lori. Kilikuwa na nahodha aliyeendesha, turubai, na tanboi, yaani utingo wa kupakia na kupakua mzigo. Kilipokwama kati ya nyota, jirani mmoja aliuliza kwa nini hawakubeba spea. Hakuna aliyecheka, maana lilikuwa swali la haki kabisa.

Shida ilikuja kwa wale viumbe. Juma aliwaita miungu, kwa kuwa ndivyo kitabu kilivyowaita, na Haboba akaacha kusuka.

"Miungu hapana," alisema. "Kwa hii nyumba Mungu iko moja. Hawa waite wakubwa."

Wakawa Wakubwa, neno lile lile ambalo wanawake wale waliwaitia maofisa waliowapeleka waume zao mbali na wasirudi kueleza lolote. Tangu hapo kila mtu ukumbini aliwaelewa viumbe hao, nadhani kuliko mwandishi mwenyewe. Wakubwa walimchukua tanboi, mdogo kuliko wote chomboni, ili wamtazame tu, na nahodha akageuza chombo kwenda kumdai. Haboba, ambaye mwanzoni aliona hadithi za nyota ni upuuzi, sasa alikuwa akimwuliza Juma hata kabla ya chai: atarudishwa?

Juma hakujua. Alikataa kutangulia kusoma peke yake, akisema raha yake ni kutazama nyuso zetu. Zilikuwa zimebaki kurasa chache, nahodha amesimama mbele ya Wakubwa, ndipo alipopata kazi ya likizo: utanboi, kwenye lori la chumvi na sabuni lililotoka Koboko kuvuka mpaka. Tulimtania sana. Mimi nilimwambia awasalimie Wakubwa, naye akacheka kuliko sisi sote. Aliweka uzi mwekundu wa ukindu kwenye ukurasa, akampa Haboba kitabu.

"Haboba, hii kitabu mutu hapana maliza bila mimi," alisema. "Narudi, nasoma."

Alilala Midia, karibu na Koboko, kwa shangazi yetu, akala viazi vitamu na simsim, na asubuhi akapanda juu ya mzigo akapunga mkono. Shangazi ndiye wa mwisho kati yetu kumwona.

Lori halikurudi. Wengine walisema risasi zilisikika njiani, wengine wakasema watu waliteremshwa, lakini hatukumpata aliyeona kwa macho yake. Haboba alivaa gurbaba, nguo yake ya Kinubi ya sikukuu, akanishika mkono, tukaenda Koboko kwenye ofisi moja na kukaa kwenye benchi hadi njaa ikapita yenyewe. Hatimaye akatoka ofisa, mtu mpole, hata sauti hakupandisha.

"Mama, vijana wanaopita hapa ni wengi," alisema. "Huyu wako ni yupi?"

Haboba alimweleza: mrefu, ana kovu juu ya nyusi, anapenda kusoma. Ofisa aliitikia kwa kichwa kama anayesikia, na hilo ndilo jibu tulilorudi nalo Arua.

Kuanzia jioni ile Haboba alimpakulia Juma chakula chake na kukifunika kwa tabaka zuri kuliko yote aliyowahi kusuka. Asubuhi alikuwa akimpa chakula hicho yeyote aliyepita. Kitabu alikiweka juu ya kabati, na ole wake ambaye angekigusa. Kwake yeye, maadamu hadithi haijaisha, Juma yuko njiani. Niliingia sekondari, Kiingereza nikakijua, na bado sikuthubutu kukifungua. Niliogopa kwamba mkono wangu ndio ungemuua.

Kisha, alasiri moja ya mvua, wanawake wameacha kuja na macho yake yameingia ukungu, Haboba alisema bila kuinua uso, "Leta kitabu."

Nilijua anachokiomba. Nikamwambia tungoje kidogo.

"Soma vile iko," alisema. "Usiongeze."

Niliutoa ule uzi, nikasoma na kutafsiri kwa lugha ya Juma. Nahodha alimtaja tanboi wake kwa jina, akamdai. Wakubwa wakamjibu kwa upole kwamba wanaopita kwao ni wengi, wake ni yupi? Nikaurudia mstari ule kimoyomoyo. Haboba akanigusa goti niendelee. Kilichobaki kilikuwa kifupi: nahodha alirudi chomboni, akawasha mitambo akaondoka, na kiti cha tanboi kikabaki wazi.

"Hawa si wakubwa," alisema Haboba. "Mungu hapana uliza ni yupi. Mungu iko najua."

Ndipo akalia, kwa mara ya kwanza, kwa sauti ya msibani. Majirani walikuja mbio wakauliza nani amefariki, naye akawaambia. Jioni ile alitupakulia sisi, na sahani ya Juma haikutoka kabatini.

Leo Haboba hayupo, na umri wa Juma nimeuacha nyuma sana. Safari ya Koboko imekuwa ya kwenda na kurudi kabla ya chakula cha mchana. Wanangu hutazama vyombo vya nyota kwenye simu, na humo aliyepotea hurudishwa kila mara, nao huenda kulala wakiwa wameridhika. Tabaka lile ninalo, na ninalitumia, kwa kuwa lilisukwa litumiwe. Jana tulikula tukashiba, na binti yangu alipokuwa akiondoa vyombo alilifunua, akakuta sahani imejaa, haijaguswa. Sikukumbuka hata kuipakua. Aliniuliza ni ya nani, nikamwambia ni ya mjomba wake.