Pete ya Kumi na Nne

Kazi yangu ni kuwauliza watu wazima wameshindwa wapi, kisha kuyaandika kwa lugha ya heshima. Serikali yetu humpunguzia kodi mwenye kiwanda aliyejaribu jambo ambalo hata fundi bingwa hakujua kama linawezekana. Ukijua mapema, hupati kitu. Ukihangaika, ukaharibu, ukarudia, hapo ndipo ninapoingia na daftari langu. Nimezunguka viwanda vya Yorkshire, kaskazini mwa Uingereza, miaka kumi na moja, na nakwambia, hakuna watu wagumu kuhojiwa kama hawa wa kwetu. Mtu kaunguza tanuri zima, ukimuuliza anasema, "Aa, ilisumbua kidogo."

Desmond Hinchliffe aliwapita wote.

Alikuwa na miaka sitini na moja, na arobaini na mbili kati ya hiyo aliimaliza akitengeneza pete za mpira za kuzibia pampu, katika kiwanda cha Bi. Rosalind Tordoff pale Keighley, chini ya reli. Chuo hakusoma. Alikuwa na chumba chake cha majaribio, birika lake, na kiti ambacho hakuna aliyethubutu kukikalia. Umwambie lolote, jibu lake lilikuwa moja: "Najua." Mkewe, Noreen, aliniambia waliwahi kupotea saa tatu nzima huko Wales kwa sababu ya neno hilo.

Miaka miwili nyuma alikuwa ametengeneza pete ya pampu za maziwa isiyoharibiwa na maji ya moto wala dawa kali ya kuoshea mabomba. Za zamani zilivimba baada ya wiki mbili. Hii yake ilimaliza mwaka, ikanunuliwa kama njugu. Bi. Rosalind akaniajiri nimwandikie ombi la nafuu ya kodi, na alisema wazi mbele yangu na Desmond: nafuu ikikataliwa, chumba cha majaribio kinafungwa, na Desmond anarudi kukata pete za kawaida au anakwenda nyumbani.

Basi nikamhoji.

"Ulijaribu mara ngapi?"

"Mara chache."

"Chache ngapi?"

"Kumi na nne."

"Kwa hiyo kumi na tatu zilishindwa?"

"Hazikushindwa, bibie. Zilikuwa hazijafaulu."

Siku tatu nilimng'oa maneno kama meno. Nikaandika kurasa kumi na mbili, nikampelekea asome na kutia sahihi. Kesho yake akanipigia simu.

"Umeandika 'hakujua' mara kumi na saba."

"Ndivyo sheria inavyotaka, Bwana Hinchliffe."

"Sheria inataka niitwe mjinga mara kumi na saba?"

"Inataka uwe bingwa ambaye hakujua."

"Bingwa gani huyo? Si aende akauze samaki!"

"Haya, tuseme ulijua. Ukimwambia hivyo mkaguzi wa kodi, chumba chako kwaheri."

Akakata simu. Nilichukia, sifichi. Unamwokolea mtu kazi, yeye anakuhesabia maneno! Nikayapunguza hadi tisa. Akatia sahihi yake kwa herufi ndogo, kama mtu anayekiri kosa la barabarani.

Mkaguzi wa kodi, Bi. Fairclough, aliposoma ripoti alitaka kuzungumza na fundi mwenyewe. Jumanne asubuhi tukakaa watatu ofisini kwa Bi. Rosalind, simu katikati ya meza, na sahani ya biskuti ambayo hakuna aliyeigusa.

"Akikuuliza kama ulijua," nikamnong'oneza Desmond, "tafadhali, usiseme unajua."

"Najua," akasema.

Mkaguzi alianza taratibu: mchanganyiko gani, joto kiasi gani. Desmond akajibu vizuri tu. Kisha akaulizwa, "Ripoti inasema katika jaribio la kumi na nne mligundua kwa nini pete inastahimili dawa. Hebu nieleze."

Sentensi hiyo niliiandika mimi. Nilikuwa nimemuuliza Desmond kama waligundua, akatikisa kichwa kukubali, nikaandika.

Desmond aliinamia simu.

"Sijui," akasema.

"Anamaanisha hapo mwanzo," nikadakia.

"Nyamaza, bibie. Naulizwa mimi." Akasogeza kiti karibu na simu. "Sijui mpaka leo. Siku ile nilibadilisha vitu viwili kwa pamoja, kwa haraka, na tanuri lilikuwa linazidisha joto. Pete ikashika. Nikirudia vile vile, inashika. Nikigeuza kidogo tu, inavimba. Kwa nini, sijui. Hiyo sentensi ifuteni."

"Des!" Bi. Rosalind alishika kichwa. "Tumeuza elfu sita!"

"Nimezitengeneza mimi, Rosalind. Miaka miwili sasa, kila simu ikilia naikimbilia mimi. Nasema ndiyo hii, pete imeachia, dawa imeingia kwenye maziwa ya watoto wa watu. Kila Jumapili nakuja hapa kuzichemsha peke yangu. Noreen anadhani nina mwanamke."

Hakuna aliyecheka. Mimi niliona aibu mpaka masikio yakawaka. Nalipwa kutafuta wasichokijua watu, na huyu nilimwandikia jibu kwa sababu ukurasa ulikuwa unaisha.

Upande wa pili tulisikia mkaguzi akiandika.

"Kwa hiyo kazi haijaisha," akasema.

"Haijaisha."

"Kuna mtu mwingine anayejua jibu?"

"Niliandikia chuo kimoja bila kutaja jina la kiwanda. Nao hawajui."

"Na majaribio yanaendelea?"

Desmond alimtazama Bi. Rosalind. Mama yule akalivuta daftari lake la wateja.

"Yanaendelea," akasema. "Siku za kazi, na mtu wa pili. Na wateja wote nawapigia leo leo tuzikague."

Mkaguzi akataka ripoti iliyosahihishwa. Wiki sita baadaye nafuu ilikubaliwa, ila hiyo niliisoma kwenye barua tu. Ninachokikumbuka ni Desmond akitoka pale ofisini, akisimama kwenye ngazi na simu yake sikioni.

"Noreen? Hapana, sijaumia. Kaa chini kwanza. Nataka nikwambie ninakokwenda Jumapili."