Namba Iliyotulia

Mtaani walimwita Fundi Waya, ingawa waya ndio uliokuwa kitu chepesi kuliko vyote katika kazi yake. Alibuni vifaa vya kupimia, vile vinavyofungwa kwenye matangi na mabomba ya viwandani, vikapeleka habari hadi chumba cha mitambo kwa nyaya mbili tu. Nyaya hizo hizo ndizo zinazokilisha kifaa umeme, na hizo hizo ndizo zinazosema maji yamefika wapi. Tangi likiwa tupu, kifaa huachia miliampia nne za umeme zipite, likijaa, ishirini. Kwa hiyo kifaa kizima sharti kiishi kwa kula chini ya nne. Kikiwa mlafi, hakiwezi tena kusema "tupu". Hebu fikiria, unabuni kitu chenye akili halafu unakilisha punje!

Alifanyia kazi chumbani kwake, kwenye meza iliyokuwa ya kulia chakula kabla ya madoa ya kulehemu kuitawala. Juu ya kabati feni ilizunguka mchana kutwa, maana joto la chumba kile lingeivisha ndizi.

Siku kumi nyuma alikuwa amekabidhi vifaa sita kwenye kiwanda cha sabuni. Kimoja kilifungwa kwenye boila, tangi la kuchemshia maji yawe mvuke, na mhudumu wa boila hiyo alikuwa mdogo wake wa kiume, ambaye Fundi Waya alimlea mwenyewe tangu mama yao afariki. Kioo cha kuchungulia maji kilikuwa kimefunga utando mweupe, ndiyo maana kiwanda kikamwita.

"Dada, sasa nitakaa kama bosi, naangalia namba tu," mdogo wake alimtania siku ile.

"Angalia namba, usilale."

"Nilale nife, wewe urithi viatu vyangu? Thubutu!"

Jumatano, saa nane mchana, feni ikaungua. Kifaa cha saba, cha akiba, kilikuwa mezani kimeunganishwa na mita, hakijaguswa na tone la maji. Kilipaswa kuonyesha nne kamili. Kilionyesha nne nukta tatu. Akaigonga mita. Akabadili mita. Akachukua pasi ya moto, akaisogeza karibu na kifaa bila kukigusa. Nne nukta nane. Tano nukta mbili. Tano nukta sita.

Kulikuwa na kijipande kimoja alichokibadilisha kwa sababu cha zamani kiliadimika madukani, na hiki kipya kikipata joto kilikula bila kushiba. Naye siku zote alikipima chini ya feni! Kifaa cha kwenda motoni, yeye kakipimia kwenye upepo. Tano nukta sita ni sawa na kusema maji yako asilimia kumi. Boila ilipangwa ijizime yakishuka chini ya asilimia nane. Yaani ingeweza kukauka kabisa, moto unaunguruma, na namba bado inasema kumi.

Akampigia mdogo wake. Simu iliita mpaka ikakata, kwani wafanyakazi huacha simu makabatini kabla ya zamu. Akatoka mbio na kandambili zake.

"Fundi, humu haingii mtu bila buti," mlinzi wa getini akamzuia.

"Kaka yangu, niazime zako."

"Nibaki na hizi soksi zenye madirisha? Watu wanione?" Kisha akamtazama usoni. Utani ukamkauka. Akavua.

Mdogo wake alikuwa amesimama mbele ya skrini na msimamizi wa zamu, mzee mwenye ufunguo wa kuzimia mitambo shingoni.

"Zimeni moto!"

"Hata salamu, binti?" msimamizi akasema.

"Shikamoo mzee, zima. Kifaa changu kinadanganya."

"Kinadanganya wapi? Asilimia kumi, na pampu inaongeza. Nusu saa nzima namba imetulia tuli."

"Maji yanayochemka hayatulii, mzee! Namba ya boila hucheza kila sekunde. Ikitulia hivyo, ujue maji hayapo."

"Nikizima, matangi mawili ya sabuni yanaharibika. Nani atajibu?"

"Mimi."

"Wewe ni nani hapa?"

Nyaya mbili za kifaa chake zilishuka ukutani kando yake. Akazikamata kwa mikono yote miwili, akazing'oa. Katika kazi hii sifuri haimaanishi tangi tupu. Sifuri ni kifaa kilichokufa, ni maiti, na mitambo ikikuta maiti kwenye nyaya hujizima yenyewe. King'ora kikalia. Moto ukazimika.

Mdogo wake, kwa hofu, akakimbilia vali ya maji ya akiba.

"Usifungue! Maji baridi kwenye chuma kilichoiva yatatulipua!"

Akamrukia, akamng'ang'ania mkono, wakaanguka pamoja sakafuni. Msimamizi akawaburuta nje wote wawili, huku akitaja jina la Mungu.

Kesho yake boila ilipopoa na kufunguliwa, mabomba ya juu yalikuwa yamepinda, yamegeuka rangi ya bluu kama nyama iliyovilia damu. Pampu ilikuwa ikivuta hewa. Tone la maji halikuwamo.

Msimamizi akaleta fomu. "Hapa kwenye sababu, tuandike mhudumu hakuwa makini. Yaishe."

Mdogo wake aliinamisha kichwa. Fundi Waya akaichukua kalamu, akaandika: Kosa ni la mbunifu. Kifaa hakikupimwa kwenye joto. Akatia sahihi.

"Binti, ukiandika hivyo hakuna kiwanda kitakachokuita tena."

"Najua, mzee."

Walipobaki wawili, mdogo wake akasema polepole, "Dada, nilikuwa napiga mluzi. Nimeipa boila mgongo, napiga mluzi."

Fundi Waya alitaka kusema pole, lakini neno lenyewe lilikuwa dogo mno. Akatazama upande wa matangi yanayofuka mvuke.

"Vifaa vitano bado viko kule juu," akasema. "Nishikie ngazi."

Mdogo wake akaishika, na safari hii hakuyapa matangi mgongo.