Mbuzi wa Nyuma ya Bango

Walisema nitarudi Tanga kabla kanzu yangu haijafuliwa mara ya pili. Mtoto wa muuza kahawa, tena Mwislamu, ataiweza Marekani ya siku hizi? Nilikwenda. Nilibeba maboksi ghalani Louisville, upande wa kusini, huku nikisoma, hadi nikapata stashahada ya uhasibu. Leo imetundikwa sebuleni kwangu, mahali ambapo mgeni hawezi kuikwepa.

Ila kilichoniinua ni mbuzi. Familia za Kiislamu za Newburg, mtaa wetu pale Louisville, zilikuwa zikihangaika kila Idi kupata mnyama wa kuchinja, nikaahidi kuwaletea. Nilikopa mtaji kwa watu watatu, nikalipia trela na mahali pa kuchinjia. Mmoja wa walionikopesha alikuwa Mkongo, Mkristo, mwenzangu wa ghalani. Ndiye aliyeendesha gari kunipeleka kwa mfugaji tuliyeelekezwa.

Getini palikuwa na bango kubwa: wakimbizi warudi kwao, Waislamu kwanza.

Mwenzangu akapunguza mwendo. "Bon, kaka, turudie apa. Uyu mutu hataki batu kama sisi."

"Wewe Mkristo, unaogopa nini?"

"Ile kibao itaniuliza kama nilibatizwa?"

Nikamwambia tukirudi mikono mitupu, Idi ya watu imeharibika, na pesa yake nayo imekwenda. Akakanyaga mafuta.

Mzee wa Kizungu akatoka zizini, akaitazama kofia yangu kwa muda. Nilikwishaandaa hotuba. Akauliza:

"Nyinyi ni wa Ijumaa au wa Jumamosi?"

Mwaka ule misikiti ya mjini ilikuwa imegawanyika kuhusu siku ya Idi, na huyu mzee alikuwa na habari! Alieleza kwamba Wabosnia, wateja wake Waislamu wa zamani, walimzoesha masharti ya Idi. Madume yake hakuyahasi, pembe hazikuvunjika, masikio hayakutobolewa. Mwenye kasoro alimpeleka mnadani kwa watu wengine.

Sikuweza kujizuia. "Na lile bango, mzee?"

"Lile ni la wale wa kwenye televisheni."

"Ndio sisi."

Akajikuna shingo. Mwenzangu akanikanyaga mguu. Mzee akafungua zizi.

"Basi ingia uchague," akasema, "kabla wa Ijumaa hawajafika."

Bango hakuling'oa. Nami tangu hapo nikawa mdadisi wa watu wa namna yake kuliko wa hesabu zangu. Biashara ilipofika Columbus, jirani aliyepinga msikiti kwenye mkutano wa mtaa alinisimamisha kuulizia bei ya paja la mbuzi. Buffalo, kule Black Rock, bibi mmoja alifurahi kwamba mahame ya mtaani kwake yamepata taa na mapazia tangu wakimbizi wahamie, kisha akaniuliza kwa upole kabisa wenye nyumba hizo wataondoka lini. Sijapata neno moja la kuwaita watu hawa, na mimi si mtu wa kukosa maneno.

Mwaka ule wa kwanza mbuzi wote waliisha. Baada ya Idi nilizunguka Newburg na bahasha, nikawalipa wawili wa kwanza, nikamalizia kwa Mkongo. Alihesabu mezani, mkewe akitazama, akahesabu tena.

"Kumbe Waislamu munalipaka," akasema.

"Na Wakristo mnahesabu mara mbili."

Mkewe akacheka, akanisogezea sahani ya sombe, kisamvu cha kwao. Nikanawa mikono, nikala bila kudaiwa na mtu.