Siku Chapati Aliponitua Kaburini

Acheni nicheke mimi kwanza ndipo na ninyi mcheke, maana aibu ya kuanguka juu ya kaburi la mtu usiyemjua, mbele ya ukoo wake wote, haina mahali pa kufichwa.

Nalinda shamba la bosi mmoja karibu na Awendo. Familia yake ilihamia Nairobi, nikabaki na Chapati, farasi mdogo wa binti yao, ambaye tangu wahame alikuwa wa kula na kulala tu, tumbo kama la diwani. Mimi ni Mkuria wa Kehancha, majirani ni Wajaluo, na kazi yenyewe ni ya kukaa ndani ya geti, kwa hivyo wa kuongea naye ni Chapati (hajibu, lakini anasikiliza kuliko wengi). Basi bosi akapiga simu: binti anakuja likizo, "na kama huyo farasi haruki tena, tafuta mtu tumuuzie." Chapati akienda, nani atanisikia hata nikikohoa?

Daktari wa mifugo alinionya nisiharakishe: kwanza nitembee naye, halafu nimkimbize polepole, ndipo nimwekee miti chini na kuiinua kidogo kidogo. Nilifuata, ila nikaongeza langu: kila akiruka mti, kipande cha muwa (huku kwetu miwa inadondoka kwenye malori mchana kutwa, unaokota tu). Aliruka jamani! Tumbo likaisha, nguvu zikarudi, na kichwani akajua jambo moja: ukivuka kitu, upande wa pili kuna muwa.

Jumamosi moja nikampanda tutoke nje ya shamba (mimi mwembamba, ananibeba). Ng'ambo ya barabara kulikuwa na matanga, mzee ametoka kuzikwa, na vijana wamechomoka mbio na ng'ombe kufukuza kifo, ile desturi yao ya tero buru. Nyuma ya ua, watoto walikuwa wanatafuna miwa. Chapati akasimamisha masikio. Nikavuta kamba, wapi! Akaruka ua vizuri sana, yeye akatua kwenye miwa, mimi nikatua kifudifudi juu ya udongo mbichi wa kaburi.

Hapo hapo mwenye kipaza sauti akatangaza: "Mpisheni! Huyu amekuja tero buru na farasi!"

Mama mmoja akanishika mabega. "Lia, omera, lia ndugu yangu. Usiweke ndani."

Nilitaka kusema samahani mama, ni muwa tu. Badala yake nikalia, mwanzo kwa aibu, halafu kweli kweli, na akina mama wakalia nami. Sikumbuki lini mtu aliwahi kunishika mabega.

Wakanipa kiti, ugali na nyama. Mjane akaniuliza nilimjuaje mzee wake. Ningedanganyaje na udongo bado uko puani?

"Simjui, mama. Nakaa hapo ng'ambo."

"Kumbe ni wewe unaongeanga na punda jioni?" akasema. "Mzee alikuwa anakusikia. Alisema akipata nafuu ataenda akusalimie, ati umekaa peke yako sana."

Nikairudisha nyama sahanini, nikamwuliza jina la mzee.

Chapati hakuuzwa, anaruka, si mmesikia. Muwa nimeupiga marufuku. Na nimeapa: jirani mwingine hatazikwa kabla sijajua jina lake. Barabara ni ile ile, nitaivuka kwa miguu yangu.