Kipimo cha Intomvu

Jumatatu dada ya rafiki yangu alikuja ofisini kwangu gazetini kuniambia kwamba kaka yake amekufa. Wapita njia walimkuta kando ya barabara ya mlimani, juu ya mtaa wa Gihosha, akiwa na risasi mgongoni na gunia la majani mabichi ubavuni. Nani aliyempiga hakuna ajuaye, na siku hizi hakuna anayeuliza.

Alikuwa mkemia, mtu mpole, na kwa miaka mingi alichunguza mmea mmoja tu: intomvu, ule mrefu wa milimani ulio jamaa ya maua yenye umbo la kengele. Aliwahi kunieleza kwamba utomvu wake una lobelini, kemikali inayofanya kazi karibu na ile ya tumbaku: ikiwa kidogo huamsha pumzi, ikizidi huizima. Nilivutiwa, nikaandika katika safu hii, nikimtaja yeye, kwamba majani hayo hufungua kifua. Ile nusu ya pili niliiacha, kwa kuwa nafasi ilikuwa imejaa.

Wakati huo dawa za pumu zilikuwa zimeadimika mjini. Mke wa mchukuzi mmoja wa bandarini alisomewa safu ile, akatembea kutoka mtaa wa Buterere hadi nyumbani kwa mkemia. Nilikuwapo. Alisema mumewe hawezi tena kulala chali, anakaa tu akihema, akaomba majani.

“Apana, mama,” mkemia alimjibu. “Mi najua inasaidia. Kipimo yenye inaua, sijue bado.”

“Basi we unajua, na unaacha mutu anakufa?”

Mkemia alizunguka naye maduka ya dawa hadi jioni, wakarudi mikono mitupu. Mchukuzi alikufa Alhamisi. Matangani mjane hakumpa mkono mkemia. Mimi alinipa, maana hakujua nani aliyeandika, nami sikumwambia.

Tangu hapo mwenzangu alifanya kazi kama mtu anayefukuzwa. Umeme ulipokatika alichemsha majani yake kwenye jiko la mkaa. Yalipokauka, nilimsihi asipande kuchuma mengine mlimani, ambako risasi hazijakoma. Alisema majani ya zamani yanampa majibu ya uongo, akaenda.

Siku ile alipomnyima mama yule majani, nilimwona mkatili. Leo naona kwamba kukiri hujui mbele ya mke wa mtu anayekufa kunahitaji moyo ambao mimi, mwenye kalamu nyepesi, sikuwa nao. Daftari lake limekwisha bila kipimo. Kwa hiyo, msomaji wangu, usichemshe majani ya intomvu. Nilipaswa kukuandikia hivyo mara ya kwanza.